Basi kuukuu linapoyumba, tajiri asikimbilie kununua mifuko ya hewa

KWA mkulima wa nyanya wa Ilula au mchuuzi wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, basi si chombo cha abiria pekee. Ndilo linalomletea mbegu na dawa kutoka mjini, ndilo linalobeba matenga machache yasiyotosha kukodi lori, na ndilo linalompeleka mnadani na kumrudisha jioni. Basi likilala gereji wiki nzima, hasara haiishii kwa tajiri wake. Inafika hadi shambani.

Biashara ya mabasi nchini imebadilika sana katika miaka michache iliyopita. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, baada ya zuio lililodumu kwa miaka mingi. Katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Katika hali ya namna hiyo kampuni kubwa hulazimika kushindana kwa magari mapya. Kwa kanuni ya kawaida ya uchumi, gari lililozeeka kwenye njia kuu hushuka bei na kutafuta njia ndogo: kutoka wilayani kwenda tarafani, au kutoka mnadani kwenda stendi ya mkoa.

Mnunuzi wa gari hilo mara nyingi ni mtu wa kawaida. Anaweza kuwa mfanyabiashara aliyeuza shehena yake ya mpunga, ndugu watatu waliochanga, au kikundi cha wakulima kilichoona kwamba nauli na gharama za mizigo zinakula faida yao yote. Wanalipa fedha, wanapaka rangi, wanaandika jina kubwa kioo cha mbele. Baada ya miezi michache dereva anawaambia: "Bosi, gari linayumba."

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi akiangalia chini anaona mifuko ya hewa iliyochakaa kwa macho na kushauri ibadilishwe yote. Tajiri anakopa, anabadilisha, na gari linaendelea kuyumba kama jana. Hoja ya makala haya ni kwamba kuyumba kwa basi kuukuu lenye mifuko ya hewa mara nyingi husababishwa na vitu vidogo na vya bei nafuu, na kwamba anayepima kwa mpangilio huokoa fedha zake na roho za watu.

Mfuko wa hewa unafanya nini?

Kwanza tuelewane. Mifuko ninayoizungumzia si ile inayofumuka mbele ya dereva gari linapogonga. Ni mifuko mizito ya mpira iliyowekwa kati ya chasisi na ekseli badala ya springi za chuma. Basi kubwa la ekseli mbili kwa kawaida huwa na mifuko miwili mbele na minne nyuma, yote ikijazwa upepo na kompresa ileile inayohudumia breki.

Teknolojia hii si ngeni duniani. Huko Marekani, General Motors iliuza mabasi ya masafa marefu yenye mifuko ya hewa tangu mwaka 1953. Hapa kwetu, mabasi mengi ya zamani yalijengwa bodi juu ya chasisi za malori zenye springi za chuma, na mafundi wengi walijifunza kazi kwa magari hayo. Mabasi yenye mifuko ya hewa yalizoeleka zaidi baadaye, hasa yalipoanza kuingia kwa wingi mabasi kutoka China. Ndiyo maana fundi hodari wa springi za chuma anaweza kukosea akikutana na basi la upepo.

Tofauti kubwa ni hii. Springi ya chuma inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inabeba uzito, na kwa kuwa imefungwa kwenye chasisi kwa ncha zake mbili, inaishika ekseli isisogee mbele, nyuma wala pembeni. Mfuko wa hewa unafanya kazi moja tu, kubeba uzito. Hauwezi kuishika ekseli mahali pake. Kazi hiyo imepewa rodi: zipo zinazokwenda kwa urefu wa gari, na ipo inayovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, au ile yenye umbo la herufi V juu ya ekseli. Kila ncha ya rodi ina bushi ya mpira.

Pia mfuko wa hewa ni laini, na ulaini huo ndio raha ya abiria. Lakini kitu laini hulala upande kirahisi gari linapokata kona. Kwa hiyo watengenezaji wengi huweka stebilaiza, yaani chuma kirefu kilichopinda kama herufi U, kinachouzuia upande mmoja usizame huku mwingine ukiinuka. Halafu kuna shokapu za kuzuia gari lisiendelee kunesa baada ya kupita shimo.

Kwa hiyo basi la upepo linapoyumba, watuhumiwa wa kwanza ni wale wenye kazi ya kuzuia kuyumba: rodi, stebilaiza, shokapu na bushi zake. Mfuko wenyewe ukichoka kwa kawaida huvuja au hupasuka. Utauona gari limelala, si kuyumba tu.

Kuyumba si kwa aina moja

Kabla ya kumlipa fundi hata shilingi moja, mwenye gari amuulize dereva swali hili: linayumba wakati gani? Jibu lake lina thamani kuliko spea yoyote.

Kama gari linalala upande likiwa limesimama, tatizo linaelekea kwenye upepo. Ama kuna mfuko unaovuja, ama valvu ya kusawazisha urefu haifanyi kazi, ama mzigo umejazwa upande mmoja.

Kama likiwa limesimama linakaa sawa lakini linalala mno kwenye kona, angalia stebilaiza na viungo vyake, kisha angalia gari limeinuliwa kiasi gani na mzigo umewekwa wapi.

Kama linapita tuta au shimo kisha linaendelea kubembea mara tatu au nne kabla ya kutulia, shokapu zimekwisha au bushi zake zimelika.

Kama linatembea vizuri lakini mkia unasukumwa kushoto na kulia, hasa lori kubwa likipishana nalo au upepo mkali ukivuma, chunguza bushi za rodi ya kuvuka au ile ya umbo la V. Hapo ekseli inasogea pembeni chini ya gari, na dereva anahisi kama anaendesha magari mawili kwa usukani mmoja.

Na kama gari linatangatanga barabarani na dereva analirekebisha usukani kila wakati, tatizo linaweza kuwa mbele: matairi, beringi za magurudumu, kingpini au viungo vya usukani. Hilo halihusiani na mifuko ya hewa hata kidogo.

Anza na visivyo na gharama

Kanuni ya ukaguzi ni kuanza na kisichogharimu kitu na kumalizia na kinachogharimu zaidi. Mpangilio ufuatao unafaa kwa gereji yoyote yenye shimo, geji ya upepo, futi kamba na mtaimbo.

Kwanza ni matairi. Pima upepo wa kila tairi asubuhi kabla gari halijatembea, pamoja na yale ya ndani ya nyuma ambayo utingo huona uvivu kuyafikia. Matairi mengi ya mabasi makubwa hutakiwa kuwa na upepo wa psi 100 hadi 120 hivi, lakini kipimo sahihi ni kile cha mtengenezaji kulingana na uzito. Tairi moja la ndani likiwa na upepo mdogo, au matairi mawili yaliyopakana yakiwa ya ukubwa tofauti, basi zima litayumba na fundi atamsingizia mfuko. Hatua hii inachukua nusu saa tu.

Pili ni urefu wa gari. Liegeshe basi tupu mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma na geji za upepo zikiwa zimefika kiwango chake. Pima kwa futi kamba umbali kati ya ekseli na chasisi, upande wa kushoto na wa kulia, mbele na nyuma. Linganisha na kipimo cha mtengenezaji. Katika barabara zetu za vumbi kuna mazoea ya kurekebisha mkono wa valvu ili gari linyanyuke na lisiguse mawe. Ni mazoea ya gharama. Gari likinyanyuliwa kupita kipimo, uzito wake unakwenda juu, shokapu zinabaki zimevutika karibu na mwisho wake, na rodi zinakaa kwa pembe isiyo yake. Wakati mwingine kuyumba kote kunaisha kwa kurudisha mkono wa valvu mahali pake.

Tatu ni uvujaji. Jaza upepo, zima gari jioni, na asubuhi angalia ni kona ipi imeshuka. Kisha changanya maji na sabuni, paka kwenye mifuko, mabomba na valvu, utafute povu. Kushuka kidogo baada ya usiku mzima hakumaanishi gari ni bovu. Kona moja kushuka ndani ya saa moja ni jambo la kushughulikia. Uvujaji una hasara nyingine pia: kompresa inafanya kazi bila kupumzika, inachoka, inatoa mafuta na maji kwenye mfumo, na maji hayo huharibu valvu. Dereva afungue vizibo vya matangi ya upepo kutoa maji kila siku. Hakuna spea ya bei rahisi kuliko hiyo.

Nne ni valvu za kusawazisha urefu. Mabasi mengi yana valvu tatu: moja kwenye ekseli ya mbele na mbili kwenye ekseli ya nyuma, kila upande na yake. Kwenye baadhi ya magari mpangilio huwa kinyume. Sababu ya kuwa tatu ni ile ile ya kigoda cha miguu mitatu, ambacho hutulia hata sakafu ikiwa haiko sawa. Fundi akiondoa valvu moja kati ya zile mbili na kuunganisha mabomba ya kushoto na kulia ili kukwepa kununua nyingine, upepo utakuwa unahama kutoka mfuko uliobanwa kwenda ule usiobanwa. Gari likikata kona, upande uliolemewa unasukuma upepo wake kwenda wa pili, na gari linazidi kulala. Ukinunua basi la mtumba, fuatilia mabomba hayo kwa macho yako.

Tano ni shokapu. Angalia kama zina mafuta yaliyovuja na kama bushi za juu na chini zimelika. Baada ya safari kwenye barabara mbovu, sogeza mkono kwa uangalifu karibu na kila shokapu. Inayofanya kazi hupata joto, kwa sababu kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Iliyobaki ya baridi wakati wenzake wamepata joto, hiyo haifanyi kazi. Zikibadilishwa, zibadilishwe mbili mbili kwenye ekseli moja, kushoto na kulia.

Sita ni stebilaiza na rodi. Hapa panahitaji watu. Basi likiwa juu ya shimo, dereva azungushe usukani kushoto na kulia haraka haraka bila gari kutembea, huku fundi akitazama viungo vya mbele. Kwa nyuma, watu kadhaa walisukume bodi kutoka ubavuni kwa mapigo, kama wanavyosukuma gari lililonasa kwenye tope. Chuma kikisogea kabla ya mpira, au ncha ya rodi ikicheza ndani ya bushi, umempata mwizi. Tumia mtaimbo kuthibitisha. Angalia pia kama viungo vya stebilaiza vipo, maana fundi aliyetangulia anaweza kuwa aliviondoa kwa sababu vilikuwa vinapiga kelele.

Saba ni chasisi yenyewe. Safisha tope na grisi kwenye sehemu ambazo rodi, shokapu na stebilaiza zimefungwa. Tafuta nyufa, kutu inayotoka kama mstari, na bolti zilizolegea. Bushi mpya kwenye chuma kilichopasuka ni fedha iliyotupwa.

Ukimaliza hatua hizo saba ndipo uiangalie mifuko yenyewe. Mfuko wenye nyufa za kina, uliosuguana na chuma au unaoonyesha nyuzi za ndani ubadilishwe bila mjadala, kwa sababu unaweza kupasuka njiani. Lakini ubadilishwe kwa sababu hiyo, si kwa matumaini kwamba utaponya kuyumba.

Kuna jambo moja dogo linalowaponza wengi. Bushi za mpira zinapofungwa upya, bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwenye urefu wake wa kawaida. Zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda siku zote na utakatika mapema. Kisha tajiri atasema spea za siku hizi ni feki, kumbe kosa lilikuwa ni la ufungaji.

Usalama wa fundi

Basi lililobebwa na upepo si basi lililobebwa na chuma. Bomba likichomoka au mfuko ukipasuka, bodi inashuka ghafla. Mtu yeyote asiingize kichwa, mkono wala kifua kati ya chasisi na ekseli, au chini ya bodi, kabla chasisi haijawekewa stendi au magogo imara. Jeki peke yake haitoshi. Magurudumu yawekewe vizuizi, na upepo utolewe kabla ya kufungua bomba lolote. Mwenye gari asimharakishe fundi kwa sababu abiria wanasubiri.

Hesabu ya tajiri mdogo

Tufanye hesabu ya mfano. Bei zinatofautiana kwa mji na aina ya gari, hivyo kila mmoja aweke za kwake. Tuseme basi linabakiza Sh250,000 kwa siku baada ya mafuta na posho. Tuseme mfuko mmoja wa hewa ni Sh350,000. Tajiri anabadilisha yote sita kwa Sh2,100,000, anamlipa fundi Sh100,000, na gari linalala siku mbili, yaani Sh500,000 nyingine. Jumla ni Sh2,700,000. Gari linatoka gereji, linayumba vilevile.

Anakwenda kwa fundi wa pili. Huyu anapima kwa mpangilio na kukuta bushi nane zimelika na shokapu nne zimekwisha. Tuseme bushi ni Sh25,000 kila moja na shokapu Sh180,000. Bushi zinagharimu Sh200,000, shokapu Sh720,000, ufundi Sh150,000 na siku moja ya kulala Sh250,000. Jumla ni Sh1,320,000, na kuyumba kunaisha.

Aliyeanza na mifuko ametumia Sh4,020,000. Aliyeanza na kupima ametumia Sh1,320,000. Tofauti ni Sh2,700,000. Kwa mkulima anayeuza gunia la mahindi kwa Sh60,000, hiyo ni thamani ya magunia 45 aliyoyalima, kuyavuna na kuyapukuchua, kisha kuyafukia chini ya basi bila faida.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Gari linaloyumba hula matairi upande mmoja, hupasua bodi kwenye maungio, na humchosha dereva. Abiria nao wana macho. Wakilikwepa basi lako kwa wiki tatu, wanaanza kuzoea la mwenzako.

Wengine huona suluhisho ni kung'oa mfumo wote wa upepo na kuweka springi za chuma za lori. Ni uamuzi unaotakiwa kufikiriwa mara mbili. Chasisi ya basi la upepo haikutengenezwa kupokea nguvu za springi kwenye sehemu ambazo fundi atachomelea vishikio. Kazi ikifanywa bila mhandisi, nyufa hufuata. Aidha, mtikisiko unaongezeka, na mchuuzi anayepakia nyanya kwenye buti atakuwa wa kwanza kujua, kwa sababu nyanya iliyosuguana njia nzima hufika sokoni ikiwa imelainika na bei yake imeshuka.

Mzigo wa mkulima nao una neno

Haki itendeke: si kila kuyumba ni kosa la fundi au tajiri. Sisi wenye mizigo nasi tunachangia.

Chukua mfano wa mzigo wa kilo 800 uliopangwa wote upande wa kushoto wa buti, sentimita 80 kutoka katikati ya gari. Kama magurudumu ya kushoto na kulia yameachana mita 2, upande wa kushoto utabeba kilo 720 za mzigo huo na wa kulia kilo 80 tu. Hiyo ni tofauti ya kilo 640, sawa na kuwasimamisha watu wazima tisa hivi ukutani upande mmoja safari nzima. Valvu itajitahidi kuongeza upepo kushoto na gari litaonekana limenyooka, lakini kwenye kona uzito haudanganyiki.

Keria ya juu ni mbaya zaidi. Gunia la lumbesa lililowekwa juu ya paa linavuta gari upande kwa nguvu kubwa kuliko gunia hilohilo likiwa kwenye buti, kwa sababu liko mbali na ardhi. Kwenye mteremko wenye kona kama Kitonga, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoamua kama gari litabaki barabarani. Mchuuzi anayemhonga utingo ili mzigo wake upandishwe juu anahatarisha mzigo wenyewe, na yeye mwenyewe aliyeketi chini yake.

Isitoshe, uzito una sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani yenye matairi mawili na tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne. Basi la ekseli mbili halina nafasi ya kubeba kila kitu. Mfuko wa hewa unaweza kuficha uzito, kwa kuwa valvu huongeza upepo na gari halionekani kuzama kama lile la springi. Mizani haifichiki.

Nini kifanyike

Kwa anayetaka kununua basi la mtumba, ukaguzi huu ufanyike kabla ya fedha kubadilishana mikono. Aombe gari lilazwe usiku mmoja na alitazame asubuhi. Aliendeshe likiwa na abiria au mzigo, si tupu. Alipitishe juu ya tuta na kwenye kona, kisha alipandishe kwenye shimo. Akiwa Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo hukagua magari. Bushi zilizolika si sababu ya kuacha kununua, ila ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Kwa wenye magari tayari, wafungue daftari. Kila safari dereva aandike alichohisi na mahali alipokihisi; kila matengenezo yaandikwe tarehe, kilomita na spea iliyofungwa. Wamiliki wadogo wa njia moja wanaweza pia kuungana kununua bushi na shokapu kwa pamoja, kama wakulima wanavyounganisha mahitaji ya mbolea. Bei ya jumla siyo ya matajiri wakubwa peke yao.

Kwa mamlaka, nazo zina sehemu yake. LATRA, iliyoanzishwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu, pamoja na Kikosi cha Usalama Barabarani, hukagua mabasi. Ukaguzi wa taa, breki na matairi ni muhimu, lakini gari linaweza kuwa na taa zote zinazowaka na bado ekseli yake ya nyuma inahama pembeni. Rodi na stebilaiza ziangaliwe kwa uzito uleule, hasa kwa mabasi ya njia za wilayani yasiyopita mara kwa mara kwenye vituo vikubwa. Vyuo vya ufundi navyo viwape mafundi wa gereji za mitaani kozi fupi za mifumo ya upepo. Fundi aliyezoea springi za chuma akifundishwa siku chache anaweza kuokoa mamilioni ya wateja wake.

TANROADS na TARURA nao wanajua kwamba barabara ya vumbi yenye mawimbi ndiyo inayokula bushi hizi. Kila tuta lililowekwa bila alama na kila shimo lililoachwa msimu mzima vina bei, na bei hiyo hulipwa na mwenye basi, kisha na abiria kwa nauli, na mwisho na mkulima kwa bei ya mazao shambani.

Basi kuukuu si basi bovu. Likitunzwa linaweza kumsomeshea mtu watoto na kufungua soko kwa kijiji kizima. Lakini linaloyumba lisiachwe hadi mwisho wa msimu wa mavuno, kwa hoja kwamba sasa ndipo kuna abiria. Msimu wa mavuno ndio wakati linapobeba watu wengi na mzigo mzito kuliko mwezi mwingine wowote. Likaguliwe kabla ya hapo, na ukaguzi uanze na geji ya matairi.